Nguzo Katikati ya Sebule

"Mlango huu nilikuwa naufunga kwa kidole," jirani yangu alisema. "Leo nimeufunga kwa bega. Kesho nitaufunga kwa nini, Mama Karibu? Kwa kichwa?"

"Mlango wako umevimba kwa mvua."

"Mvua gani? Iliyonyesha wapi?"

"Basi umevimba kwa wivu."

Waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Mtaani kwetu sauti mbili za wanawake zikipanda asubuhi, hata anayewahi kazini hugundua kiatu kimeingia jiwe, akainama kulitafuta mpaka ugomvi uishe.

Jirani yangu alisimama kizingitini kwake, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Ni mshonaji. Mtaa mzima tunamwita Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake.

"Wivu wa nini?" aliuliza. "Mapazia yanayoning'inia kwenye hiyo sebule yako mpya nimeshona mimi. Nikuonee wivu kwa mapazia yangu mwenyewe?"

Watu wakacheka. Nikaona nimefungwa bao mbele ya nyumba yangu, tena siku ninayotarajia wageni.

"Sema unachotaka, Sindano. Nina sufuria jikoni."

Akashusha sauti. Sikupenda aliposhusha sauti, maana yule mama akiwa na hasira hupiga kelele.

"Nyumba zetu zina ukuta mmoja na paa moja. Ukipiga chafya huko, mimi nasema afya huku. Tangu jana jioni ule ukuta unalia."

"Unalia vipi?"

"Kama mtu anavunja njiti za kiberiti. Moja, anapumzika. Halafu nyingine."

"Ni panya."

"Panya nawajua, nimeishi nao miaka yote. Hao si panya. Mama yangu yumo humu ndani, na unajua miguu yake imeshakataa kumbeba. Mlango ni huu mmoja, na dirisha lina nondo. Huu mlango ukikwama nitamtoa wapi?"

Nilikuwa na jibu zuri la maana. Nikalimeza, nikatoa la kijinga.

"Mwambie mama avae vizuri. Mchana mje kula."

Nikaingia kwangu, nikawaacha na jiwe lao la kiatuni.

Uliyekosa kunisoma wiki iliyopita, usihangaike, sipendi mtu aachwe nje. Niliwasimulia jinsi mchumba wa kwanza wa binti yangu alivyotuponyoka. Walikuja ndugu zake kutufahamu, sebule yangu ikawameza nusu. Nusu nyingine walikaa barazani na sahani mapajani, jua likawageuka, baadaye manyunyu yakawageuka pia. Mjomba wa kijana aliondoka mgongo umelowa, na hatukusikia tena habari zao. Binti yangu alilia, mimi nikaapa. Mimi ninayeitwa Mama Karibu, ambaye hata muuza mkaa akipita namwambia karibu ukae, nisifukuziwe mkwe na ukuta. Ule ukuta utatoka.

Na kweli ulitoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mbele ya sebule kulikuwa na baraza isiyo na faida ila kwa kuanika viatu. Tukajenga kuta fupi kuizunguka, tukaiwekea mabati yake, kisha tukabomoa ukuta wa zamani uliokuwa katikati. Baraza ikawa sebule, sebule ikawa uwanja.

Tatizo, ule ukuta wa zamani ndio uliokuwa umebeba paa. Paa langu na la Sindano.

Mwashi wetu tunamwita Taratibu, na ukimwona anavyochanganya udongo utajua kwa nini. Mahali pa ule ukuta alimwaga boriti ya zege juu kwa juu, kutoka upande mmoja wa chumba mpaka ukuta ninaochangia na Sindano. Chini yake akasimamisha miti mitatu ya kuishikilia: miwili myembamba pembeni, na mmoja mnene katikati, mnene kama paja la mcheza mpira.

"Hapa katikati, mama, nitakujengea nguzo ya tofali," aliniambia.

"Katikati ya sebule?"

"Katikati ya boriti."

"Taratibu, mwanangu. Nimebomoa ukuta ili watu waonane. Sasa unanijengea mlingoti? Mkwe akae huku, mimi huku, tuchunguliane kama watoto wanaocheza kombolela?"

"Nguzo ni nyembamba tu, mama."

"Sitaki."

Akachezea mwiko wake. Mwashi mwingine angebisha. Taratibu habishi, yeye husubiri uchoke.

"Basi tutaongea," akasema. "Ila hii miti mtu asiiguse. Mpaka nirudi mimi mwenyewe."

Akasafiri kwenda kumwona mke wake aliyejifungua. Nikampa kanga ya mtoto na salamu. Nikabaki na miti mitatu sebuleni, imesimama kama wageni wasiojua kukaa.

Ningeivumilia. Nawaambia ukweli, ningeipamba hata kwa maua. Lakini simu ikalia.

Ilikuwa shangazi wa mchumba mpya. Huyu mchumba wa pili ni kijana mpole, anarekebisha friji, anamwangalia binti yangu kama mwenye kiu aliyeona maji. Kwao mwenye sauti ni shangazi. Shangazi akisema hapana, hata baba yake kijana hutafuta kofia yake.

"Tulisema mwisho wa mwezi," alisema. "Tumeona tuje Jumamosi hii. Kuna ubaya?"

"Ubaya gani, dada? Karibuni sana. Njooni wote."

Njooni wote. Mdomo wangu huo.

Ijumaa nikamwita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Tunamwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kupakua saruji kwenye magari na tangu siku hiyo hakuna jengo asilolitolea maoni. Akaingia, akaitazama boriti, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio kama daktari.

"Imekomaa," akasema.

"Una hakika?"

"Shemeji, zege nimelibeba mgongoni. Zege likinyamaza hivi limekomaa."

"Taratibu alisema tusiguse. Nimempigia, hapokei."

"Taratibu angekuwa ndiye aliyeumba dunia, sasa hivi tungekuwa bado tunasubiri mwezi."

Nilicheka. Mnajua mtu akikuchekesha ndipo anapokupata. Nikaitazama ile sebule, nikaona meza ndefu katikati, nikamwona shangazi upande ule na mimi upande huu, hakuna kitu kati yetu ila chakula.

"Itoe," nikamwambia.

Mti wa kwanza ulitoka kwa teke moja. Wa pili hivyo hivyo. Ule mnene uligoma. Injinia alivua shati, akaupiga nyundo chini, akapiga tena, mpaka ukateleza na kuanguka kwa kishindo. Kwa upande wa pili wa ukuta cherehani ya Sindano ilinyamaza. Tukatazama juu sote wawili.

Hakikutokea kitu.

"Umeona?" Injinia akasema, akitafuta shati lake.

Na sasa sikieni nilichofanya na ile miti. Uani kulikuwa na turubai la kuwafunika watakaozidi, maana hata sebule ikiwa uwanja mimi lazima watu wanizidi. Turubai lilikosa nguzo. Nikasema, hizi hapa.

Kwa hiyo kilichokuwa kimebeba paa langu kikaenda kubeba kivuli cha wageni.

Jumamosi asubuhi nilitandika kitambaa cheupe mezani, meza ikiwa pale pale uliposimama ule mti mnene. Nikaenda jikoni, nikarudi na vijiko. Juu ya kitambaa kulikuwa na mstari wa vumbi, mwembamba, kama mtu amepitisha unga kwenye ungo.

Nikapangusa. Nikapanga vijiko. Nikageuka kuchukua vikombe.

Mstari ukawa umerudi.

Hapo ndipo Sindano alipoanza kunigongea kuhusu mlango wake, na ule ugomvi mmeshausikia.

Niliporudi ndani kutoka kwa Sindano nilipanda kiti nikaitazama boriti kwa karibu. Katikati, kwa chini, palikuwa na ufa. Haukuwa ufa wa kutisha. Unywele tu. Nikapitisha ukucha, ukucha ukaingia.

Binti yangu akatokea mlangoni, nywele zimesukwa, sabuni ya kufulia bado mikononi.

"Mama, unatafuta nini huko juu?"

"Buibui."

"Nikusaidie?"

"Niletee kile kipande cha pazia kilichobaki."

Akakileta. Nikakizungusha kwenye boriti, nikakibana kwa pini, nikaweka na ua la karatasi katikati. Likapendeza. Binti yangu akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu wale wa kwanza waondoke.

"Mama," akasema, "safari hii hakuna atakayekaa nje."

Nikashuka kwenye kiti.

Mume wangu aliingia karibu na adhuhuri. Ni dereva wa lori, alikuwa njiani mwezi mzima, na ile sebule ilikuwa haijawahi kumwona. Alisimama mlangoni akavua kofia kama mtu aliyeingia ofisi ya mkubwa.

"Mke wangu. Hii ni nyumba yetu?"

"Ni yetu."

"Hata nguzo hakuna." Akaenda mpaka mwisho, akarudi, mikono nyuma. "Ningejua ningekuja na lori niliegeshe humu."

Nikamshika mkono nimwambie. Mbele ya Mungu, nilikuwa na neno la kwanza ulimini. Simu ikatetemeka kiunoni, aliyepiga ni Taratibu.

Nikakimbilia jikoni.

"Mama, shikamoo. Nimeona umenipigia jana."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Mzima. Ile miti ipo?"

Nikatazama moto.

"Mama?"

"Taratibu, ile boriti imekomaa?"

Nikasikia mtoto analia upande wake.

"Kukomaa ndiyo, inaweza kuwa imekomaa. Si hilo. Ile ni ndefu mno, haiwezi kubeba lile paa peke yake hata ikomae miaka. Nilipoimwaga niliimwaga nikijua katikati italalia nguzo. Ulipokataa nguzo ya tofali nikasema mti ushike, nikirudi nitakubembeleza. Ndiyo maana nikasema usiguswe."

"Ungeniambia hivyo siku ile."

"Ulikuwa umekasirika, mama. Niliona nikuache upoe."

Hiyo ndiyo adabu yake, na hicho ndicho kiburi changu, na katikati yao hapakuwa na mti.

"Sasa mtu akiwa ameutoa?" nikauliza.

"Nani ameutoa?"

"Nauliza tu."

"Basi urudishwe sasa hivi. Na watu wasikae chini yake. Mama, nisikilize, hata paka asi..."

Simu ikakatika. Uani nikasikia milango ya gari ikifungwa, mmoja, wa pili, wa tatu, na vigelegele vya jirani zangu ambao sikuwaalika na ambao ningewaalika.

Walikuwa wengi. Walikuja wote, kama nilivyowaambia.

Nikatoka nimeweka tabasamu. Shangazi alikuwa mbele, mfupi, miwani imekaa kwenye ncha ya pua, mkoba umebanwa kwapani.

"Karibuni, karibuni, kaeni hapa kivulini kwanza mpumue," nikasema, nikavuta viti chini ya turubai.

Shangazi hakukaa. Alikitazama kiti, akanitazama mimi.

"Hapa nje?"

"Kidogo tu, dada. Ndani kuna joto la jiko."

"Maana tulisikia habari," akasema, kwa upole uliokuwa na miiba. "Kuna familia ilikuja hapa ikalishwa nje kama mafundi. Nikasema hapana, watu wana midomo, haiwezekani."

Mchumba akatazama viatu vyake. Kupitia dirisha nikamwona binti yangu, amesimama na trei, amesikia kila neno.

"Dakika chache," nikasema.

Shangazi akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu ambaye hatakaa sana.

Nikamvuta Injinia nyuma ya tangi la maji.

"Ule mti mnene. Nautaka ndani. Sasa hivi."

"Shemeji, una turubai juu."

"Turubai liegemezwe kwingine. Urudishe chini ya boriti, usiniulize."

Akajikuna shingo. Yule mwanamume, aliyekuwa na jibu kwa kila jengo, alikosa pa kuweka macho.

"Hautafika," akasema.

"Hautafika nini?"

"Ulikuwa mrefu, turubai likawa linapita juu ya mabati. Nikaukata."

"Ukaukata kiasi gani?"

Akaonyesha kwa mikono. Akaona uso wangu, akaisogeza mikono ikaribiane. Haikusaidia.

"Kile kipande kiko wapi?"

Akatazama jikoni. Nami nikatazama jikoni. Chini ya sufuria kubwa ule moto mzuri, uliokuwa ukiivisha nyama ya wakwe tangu asubuhi, ulikuwa unawaka kwa kuni nene kama paja la mcheza mpira.

"Tofali," nikasema. "Tuweke tofali chini yake."

"Tofali zipo nyuma, lakini shemeji, mti wenyewe..."

Tayari nilikuwa nimefika kwenye turubai. Nikaukumbatia ule mti, nikauvuta. Turubai likalegea, likashuka juu ya vichwa vya wageni, mtu akacheka, mtu akainama. Mkono wa mume wangu ukanishika bega.

"Unafanya nini?"

"Nauhitaji ndani."

"Wageni wamekaa chini yake, mke wangu." Alikuwa anatabasamu kwa ajili yao na kusema meno yamebana. "Unataka waseme tena? Mara hii tuliwaangushia turubai?"

"Baba, nisikilize. Ile boriti..."

"Boriti nzuri. Nimeiona. Umeipamba vizuri." Akaniondoa vidole kwenye mti, kimoja kimoja, kwa upendo kabisa. "Umechoka. Umefanya kazi kubwa. Sasa niachie mimi."

Akanisogeza pembeni, akawageukia wageni akiwaomba radhi.

Ndipo nilipomwona Sindano.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya uzio, hana kilemba, utepe wake umeshikwa mkononi. Nilitegemea apige kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alitembea polepole mpaka kwangu, akatazama ile miti chini ya turubai, akaitambua, na hakusema habari zake.

"Nilitoka kuchota maji," akaniambia sikioni. "Mlango ukajifunga nyuma yangu. Sijaugusa. Umejifunga wenyewe na hausogei."

"Sukuma."

"Nimesukuma kwa bega. Nimesukuma kwa mgongo. Fremu imeubana." Akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Mama yumo ndani. Anasema zile njiti hazipumziki tena."

Nikafungua mdomo. Wallahi nikaufungua. Yule Mama Karibu aliyemkaribisha kila mtu tangu ajue kusema alikuwa na neno moja la kutoa, tokeni, na lilikuwa halijawahi kupita kwenye koo lake.

Kabla halijapita, pazia la mlango wangu likafunguka.

Binti yangu alisimama kule ndani, kando ya meza, chini ya lile ua la karatasi. Mkono mmoja birika la maji ya kunawa, mwingine beseni, taulo begani. Taulo lilikuwa jeusi. Hata kutoka uani niliuona ule mstari mweupe ukidondoka juu yake, na yeye akatikisa bega bila kutazama juu.

Hakumtazama baba yake wala mimi. Alimtazama shangazi, kwa tabasamu lile la asubuhi.

Shangazi akasimama. Akabana mkoba wake, akavua viatu, akavipanga vizuri kizingitini, na wote waliokuja naye wakasimama nyuma yake.

"Karibuni ndani, shangazi," binti yangu akasema. "Chakula tayari. Tangulia wewe, kiti chako ni hiki hapa katikati."